Sahani Mia Moja na Kumi na Nne

Laki sita na elfu themanini na nne.
Nimeipiga kwenye kikokotoo mara tatu
nikidhani kidole kimeteleza.
Hakikuteleza. Kila mjumbe, elfu sita:
chakula humo, maji humo.

Hoteli ya barabara ya Iringa wameniletea karatasi inayong'aa.
Bafe. Elfu ishirini na mbili kwa kichwa,
na chini kabisa, kwa herufi za kujipinda,
"mboga ya asili ya Kigogo."
Nikasogeza taa nisome vizuri.
Mlenda!
Mlenda ule ule niliouruka bwenini Mpwapwa,
nikiapa kwamba kwetu tunakula kabichi.

Wanakuja viongozi wa jumuiya za maji,
wa Kongwa, wa Bahi, wa Mvumi, wa Hombolo,
watu wanaojua bei ya dumu moja mwezi wa kumi.
Wameamka saa tisa usiku kuwahi basi.
Huwezi kuwapa kisambusa na kijiti cha meno
ukawaambia tuonane jioni.
Wala huwezi kuwapeleka mbali:
ratiba imetoa dakika arobaini na tano,
na Bi Edina Chibago, mwenyekiti, goti lake halitaki ngazi.
Pembeni nimeandika kwa penseli:
wenye sukari sita,
wasiogusa nyama watatu,
kuku achinjwe na Rajabu wa Makole, si mwingine.

Nikamfuata Perpetua Ndahani,
uchochoro wa nyuma ya soko la Majengo.
Hakuuliza bajeti.
"Wa Bahi wangapi?"
Thelathini hivi.
"Basi wali usipike. Watakuuliza mchele wa wapi,
na utajibu nini?"
Akahesabu kwa mwiko hewani:
ugali wa uwele, maharage, kuku, mlenda wa karanga.
"Elfu tano mia tano. Mlenda sikutozi,
mlenda unamiminwa tu."

Na risiti?

Akainama, akachochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Hoteli wana mashine ya risiti.
Perpetua ana daftari la mjukuu, upande wa pili hesabu za darasa la nne.
Mhasibu wetu, Sailowa, hakukataa.
Alinipa fomu ya kurasa tatu,
nakala ya kitambulisho,
barua ya mtendaji wa mtaa.
Siku mbili nilizunguka na barua ile mkobani
kama mshenga aliyekosa nyumba.
Ikagongwa muhuri.
Ikabaki elfu hamsini na saba:
chupa za maji, mia tano mia tano,
mia moja na kumi na nne.
Ikaisha, pu.

Siku yenyewe upepo ulivuma kama una deni na mtu.
Masufuria yakaja juu ya guta, yamefungwa khanga mbilimbili,
mchukuzi anapiga kengele kama kabeba bibi harusi.
Saa saba na dakika tatu tulianza kupakua.
Kijana mmoja kutoka makao makuu akatafuta uma.
Akatazama kulia. Akatazama kushoto.
Akanawa.
Bi Edina alivuta mlenda ukanyooka hadi kidevuni,
akaukata kwa kidole, hakuona haya,
akanyoosha sahani tena bila kunitazama,
na mimi niliyeruka kwetu
nikammiminia.

Saa nane kasoro dakika tano ukumbi ulikuwa umekaa.
Ndipo tumbo langu likaongea.
Nilihesabu wajumbe wote, hata waliochelewa.
Sikujihesabu mimi,
wala Lechipya mlinzi,
wala Perpetua na wapakuaji wake wawili,
wala mwenye guta.

Tulikaa nyuma ya jengo, juu ya kreti zilizopinduliwa.
Perpetua akakwangua ukoko, akaugawa kwa macho,
tukachovya kwenye mlenda wa mwisho,
mchanga kidogo ndani, kama kawaida ya Dodoma.

Sailowa akachungulia mlangoni:
mkutano wa Machi, niandike watu wangapi?
Mdomo umejaa, nikamwonyesha kwa vidole,
akakosea, nikafuta, nikarudia:
mia moja
na ishirini.