Inchi Tatu

Fundi Kunhali amelaza matairi sakafuni
kama mtu anayenionyesha mikeka.
"Hili thelathini na moja, unalo. Hili thelathini na tatu.
Hili thelathini na tano, lakini hili utakata madigadi,
utabadilisha gea za difu, na breki utaziombea dua."
Anasema Kiarabu cha gereji za Ibra:
maneno machache, yote yana grisi.

Macho yangu hayatoki kwenye lile la tano.
Meno mapana, harufu ya mpira mpya.
Nilishajiona: Hilux imeinuka inchi sita,
nimeegesha mbele ya duka la chai,
vijana wanainama kuchungulia shokomzoba.
Nina miaka arobaini na minne, na mvi, na bado.

Mke wangu nilimwambia ni kwa ajili ya Mama.
Ni kweli, nusu yake.
Mwaka jana, siku ya pili ya Idi, tulizama mchangani
kilomita tisa tu kabla ya kwa mama mdogo Zamzam,
aliyeolewa huko ndani, nyuma ya Bidiya.
Tumbo la gari lilikaa juu ya tuta,
magurudumu yakawa yanachota mchanga na kuumwaga.
Masaa mawili Mama alikaa kwenye kivuli cha mlango
akimenya machungwa. Hakunilaumu,
na hicho ndicho kilichoniuma.
Akaja kijana wa Kibedui akatuvuta kwa kamba.
Gari lake lilikuwa juu hata uso sikuuona.
Niliagana na goti lake.

Basi leo nimemleta Mama gereji.
Ameiona Land Cruiser ya mtu, imeshainuliwa,
akaizunguka mara moja na fimbo yake.
"Mwanangu, hii gari au mnazi? Mie mkwezi?"
Na kwa mikono miwili akamwigizia Kunhali anavyokwea.
Kunhali hajui Kiswahili,
lakini Malabar nako watu hukwea.
Alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Lete futi," Mama kasema. "Pima hapa."
Goti la kushoto, lile lenye chuma ndani.
Kunhali kapiga magoti, kashika futi kwa ncha za vidole
isiguse nguo ya mwanamke mtu mzima,
akaandika kwa chaki ubavuni mwa gari langu
namba ndogo, namba ya aibu.
Mguu huu haupandi zaidi ya hapa.
Ukipewa kreti la soda, labda kidogo.

Nikabishana. Na nani, sijui.
Nikataja mawe ya wadi, nikataja matuta.
Kunhali akafuta mikono:
"Mchangani hapendwi mrefu. Toa upepo,
tairi lifanye kitambi, utapita.
Wewe mwaka jana ulitoa upepo?"
Nikatazama dari.
Mama, kwa Kiswahili, taratibu:
"Aliye juu mngoje chini. Sasa mie nikungoje na goti hili?"

Springi za inchi mbili. Matairi ya thelathini na tatu,
yanayoongeza inchi moja chini ya ekseli.
Fundi aliapa hayatagusa bodi.
Yanagusa, nikikata kona ya kulia yote.
Mafuta yanakwenda, na mshale wa spidi sasa unanidanganya,
unasema mia nami nimeshapita.
Lile la tano alilichukua mtu wa Sinaw siku ileile.
Nimeliona barabarani. Nimegeuza shingo.

Ijumaa tulifika kwa Zamzam bila kusimama.
Kreti tulilisahau kwake; nasikia analikalia akikamua mbuzi.
Kwa hiyo tulipofika nyumbani Mama hakuwa na pa kukanyagia.
Nikaenda kutafuta stuli. Nikarudi nayo.

"Ngoja kwanza," kasema, shingo kainyoosha
juu ya ukuta wa udongo wa jirani.
"Miaka ishirini na sita. Kumbe Bi Thuraya ana mlimau,
na kila siku anakuja kwangu kuomba ndimu."