Mama wa Sifuri

Profesa Cirhuza hututahini kwa kalamu.
Programu nzima, kurasa nne, wino wa buluu,
na ukisahau nukta-mkato mstari wa tisa
yeye ndiye mashine: anasimama papo hapo,
hasomi tena.
Ndiyo maana vidole vyangu hujua kabla ya macho
mahali sentensi inapofungwa.

Umeme wa Kadutu huja kama mdeni,
usiku wa manane, ukinyata,
mkono tayari uko kwenye kitasa.
Mchana napeleka kompyuta kwa Ombeni kinyozi,
franka mia tano kwa saa,
inakunywa jenereta yake katikati ya nywele za watu.
Nikifungua nyumbani, nywele zinatoka kwenye herufi M.

Kazi ya mwisho ya mwaka wa tatu:
*tatueni tatizo moja la mji huu.*
Wenzangu walikimbilia benki, hospitali,
mmoja uwanja wa ndege wa Kavumu.
Mimi nikaomba daftari la likelemba la mama.

Akina mama kumi na wawili wa soko.
Kila Alhamisi, kila mmoja elfu kumi,
na kila Alhamisi mmoja anabeba zote.
Jalada limekunywa mawese. Ndani, mwandiko wa M'Lwaboshi,
ambaye kila saba huifunga mkanda tumboni
na asiyekuja humwandika *mvua*,
hata mwezi wa saba, jua likipasua barabara.

Nikawapanga. Jina, tarehe, alichotoa, alichobeba.
Nikaandika kitanzi: kwa kila mama katika orodha,
jumlisha, linganisha, endelea kwa anayefuata.
Saa nane na nusu usiku taa ikawaka,
nikaendesha.

Mama Nsimire: ametoa, amebeba. Amebeba mara mbili.
Nabintu: ametoa, ametoa, ametoa.
Duru kumi na tatu.
Amebeba: 0.

Nabintu ni mama yangu.

Nikacheka, kosa la mtoto wa mwaka wa kwanza.
Mashine huanza kuhesabu kwa sifuri,
na mama ndiye jina la kwanza kwenye daftari;
basi nimeanza kwa moja, nimemruka,
zamu yake imemwangukia jirani.
Nikatazama. Nilikuwa nimeanza kwa sifuri.
Nikabadilisha hata hivyo. Ikavunjika. Nikarudisha.
Nikamhesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa,
mawese yakanipaka hadi kwenye kiganja.
Kidole na mashine vikasema neno moja.

Ndipo nikasoma tarehe.
Oktoba, Nsimire mara mbili. Februari, Nsimire mara mbili.
Nilikuwa nazijua tarehe hizo kutoka karatasi nyingine,
zile zenye muhuri wa chuo,
ninazozitunza ndani ya kitabu cha takwimu zisikunjike.

«Hakuna makosa hapo,» mama akasema.
Sikujua yuko macho. Alikuwa amekaa kitandani,
kitenge mabegani, anatazama jina lake likiwaka.
«Nsimire alikuwa na dola, mimi nilikuwa na zamu.
Ulidhani minervali inaota kama sombe?»
Kisha, kwa sauti ya kuuliza bei:
«Hiyo namba yangu, ndiyo ya kwanza?»
Nikamwambia ndiyo, mama. Kwa mashine, ya kwanza ni sifuri.
«Basi iko sawa. Lala.»

Sikulala. Niliongeza safu tatu kwenye jedwali:
*aliyeuza zamu. Aliyenunua. Kwa ajili ya nini.*
Mbili nikazijaza.
Ya tatu alinikataza, watu wasisome.
Nikaiacha wazi, duru zote kumi na tatu,
halafu umeme ukaondoka bila kuaga.

Nilipata kumi na nne juu ya ishirini.
Kitanzi safi, aliandika Cirhuza, majina ya vigeu yanaeleweka.
Na pembeni, kwa wino mwekundu:
*safu ya mwisho haina kazi. Ifute.*

Nimesahihisha kila alichoniambia.
Hiyo bado ipo.