Sita

Saa tisa na robo, mwezi wa nane, Mabela imefumba macho.
Paka wa jirani kajilaza chini ya tangi la maji,
na kigari cha Mundhir kilichosahauliwa uani
kimelainika magurudumu.
Ndani kiyoyozi kinakoroma kama shemeji aliyeshiba.
Tumetandika mkeka, tumefungua ludo.

Kete moja ya kijani ilipotea tangu Ramadhani.
Mahali pake tumeweka kokwa ya tende,
na sasa kila mtu anaitaka hiyo
kwa sababu, asema Mundhir, ina mstari tumboni,
imevaa mkanda.

"Naanza mimi!" "Mimi!"
"Aanze mwenye meno machache," nasema,
tukafunuliana midomo, tukahesabiana.
Mundhir pengo moja. Zuweina matatu.
Mimi, niacheni.
Nikaanza mimi, na kokwa nikaichukua.

Wajukuu zangu nikiwauliza wameshiba, hunijibu Kiarabu.
Nikiwaita, huja; nikiwagombeza, hununa:
Kiswahili kimewafika masikioni,
mdomoni bado kinabisha hodi.
Lakini mkeka huu una sheria:
asiyehesabu kwa maneno ya bibi, kete yake haitembei.
Basi huhesabu, kidole juu ya ubao,
moja, mbili, tatu, inne —
"Nne. Anzia puani."
— nnnne, tano.

Na sita.
Hiyo sikuwafundisha.
"Bibi, sita ni yetu!" Zuweina alishituka siku ile ya kwanza,
kama mtu aliyekuta kikombe cha kwao kabatini mwa watu.
"Ni yetu," nikamwambia,
na sikusema sisi ni nani.
Tazama ludo lakini:
moja haikutoi ndani, wala tano haikutoi.
Ni sita tu inayofungua mlango.

Leo nilitoka mapema, nikazunguka, nikawa karibu kufika.
Mundhir akarusha dadu, likaingia chini ya kochi,
akalifuata kwa tumbo, akapiga kelele kutoka huko:
"Mbili!" Wala hatukuhakikisha.
Akaila kokwa yangu.
"Rudi kwenu!" akacheka mpaka akalala chali.

Ndiyo sentensi yake pekee isiyo na kosa,
na mwalimu wake ni mimi.
Niliwahi kuambiwa hivyo mara mbili kabla yake:
kwanza na mvulana niliyekaa naye dawati moja,
tena na karani mmoja, Muskat, miaka mingi baadaye,
huku akinisahihishia namna ya kutamka jina langu.
Hakuna kati yao aliyelala chali.

"Kwetu ndio wapi?" nikamuuliza Mundhir.
Akanitazama kama mtu mzima anayemhurumia mtoto,
akaweka kidole, kimejaa halua, pembeni mwa ubao:
"Hapa, Bibi. Kwenu kijani."

Haya. Nikakaa kwetu kijani.
Nikarusha, moja. Nikarusha, tatu.
Zuweina akanipulizia dadu, nne.
Mundhir alilibusu, akalisugua kichwani, likatoa moja tena,
akakasirika kwa niaba yangu,
akasema dadu hili limeharibika, tununue jingine Lulu.
Kisha adhana, kisha mama yao na begi la kuogelea,
na Zuweina akaapa mtu asiguse ubao, kesho tunaendelea.

Usiku niliamka kunywa maji.
Nikakanyaga dadu, nikasema neno ambalo sitawafundisha.
Nikawasha taa.
Kete zote zilikuwa mahali pake,
nyekundu, njano, buluu, kama askari waliosinzia zamuni.
Kokwa tu ndiyo iliyokuwa nje,
nje kabisa, hatua saba kutoka mlangoni,
na sita sikuipata.

Nikainama kuirudisha, maana sheria ni sheria.
Nikaigusa.
Ilikuwa inanata.