Kodi Mara Mbili

Zamani Morag Lafferty alilipa kodi mara mbili:
mara kwa mshahara wa kufagia hospitali,
mara kwa kifua cha Ruaridh,
kikipiga mluzi usiku kama birika.
Kuvu ilipanda ukutani, akaifuta kwa siki,
ikapanda tena.

Sasa halmashauri ya Glasgow inabeba nusu.
Dirisha linafungika. Ukuta mkavu.
Pampu ya pumu imelala kabatini, chini ya soksi.

Si nyumba tu, anasema:
ni maktaba yenye joto, bure, hadi saa mbili usiku;
ni chumba cha kufulia, wajane wakikunja mashuka
na kuulizana nani hajaonekana tangu Jumanne.

Juzi pamebandikwa tangazo mlangoni pa maktaba.
Morag amelisoma, akarudi kulisoma.
Usiku ule akatega sikio
kifuani pa mwanawe.