Wenzo wa Nakisenyi

Usiniulize mji ulianza lini.
Kabla ya reli palikuwa na tope, mafunjo,
na njia ya nyani kwenda kisimani.
Kisha wakaja watu wa mataruma,
wakalaza chuma kutoka Jinja, na hapa, sijui kwa nini hapa,
chuma kikagawanyika kama ulimi wa kenge:
ncha moja Namasagali, kwenye mto na meli,
ncha nyingine Busembatia, Tororo, na huko mbele
ambako hakuna wa kwetu aliyefika kwa nauli yake.

Penye mpasuko wa ulimi, wenzo mmoja.
Mshika wenzo: Yekosofati Kagoda,
mguu mmoja mfupi, kofia ya Reli,
kandili yenye kioo chekundu huku, kijani kule.

Nyumba zilikuwa kumi na nne, zimeandikwa kwa rangi nyeusi.
Hatukuwa na koo, tulikuwa na namba.
"Wa Saba kafiwa."
"Wa Tatu kapata pacha."
Mteso wa Nane, Mnyala wa Kumi, Mjaluo wa stoo ya makaa:
kila mmoja aligombana na mkewe kwa lugha ya kwao,
lakini mkopo aliuomba kwa Kiswahili,
Kiswahili kilichoshuka behewani na masizi yake,
hakijui ngeli, kinajua bei.

Msimu wa pamba mizani ya Valji haikulala.
Marobota yalipangwa yakafika paa la choo cha stesheni,
na watoto wakarudi nyumbani na mvi.

Sasa nikupe lile kosa.
Usiku wa Aprili, mvua, treni ya saa nne
ilimbeba bibi harusi wa Busembatia, Naigaga,
na sanduku la bati, na shangazi wawili, na jogoo.
Wenzo ulikuwa umelala upande wa mto.
Dereva alisinzia, au alimwamini Kagoda.
Kulipokucha shangazi wakafungua dirisha
wakaona meli.

Bwana harusi alingoja siku mbili ndani ya suti ya kuazima.
Siku ya tatu treni ikarudi, ikasimama kwetu kunywa maji,
na Naigaga akashuka amwone huyo mjinga.
Alitaka kumtukana tu, alisema mwenyewe.
Matusi yalichukua alasiri nzima.
Treni ikaondoka na shangazi na jogoo.

Ndiye bibi yangu.
Kagoda alikatwa mshahara wa miezi mitatu,
akalipa akitabasamu, na hapo watu wakaanza kuhesabu:
si juma lililotangulia binti huyu alipita hapa
kununua vitambaa kwa Valji?
Nilimuuliza bibi. Akapuliza moto.
"Chuma kina kutu," akasema. "Niletee hiyo sufuria."

Mwaka wa Uhuru mto ulikuwa umefura, ukaila bandari.
Wahandisi walikwisha nyoosha reli mpya kusini
ikatupita kama mdaiwa anayevuka barabara.
Valji akaenda na siku zake tisini, akaacha mizani;
tukapimia kahawa, kisha watoto wa chanjo.
Halafu vijana wa vyuma chakavu, usiku, na misumeno.
Kipande kimoja cha reli kilibaki: ni kengele ya shule.
Wenzo nao waliujaribu. Ulivunja misumeno miwili.

Juzi alikuja afisa wa Shirika, ana faili.
Nyumba namba nne, alisema, ina deni la kodi
tangu kabla sijazaliwa.
Nikampa kiti, viazi vitamu, na simsim ya kuchovya.
Nje malori ya miwa yalikuwa yakitikisa vikombe.
Akauliza kama kile chuma bado kinafanya kazi.
Nikamwambia: jaribu.
Akavua koti. Akavuta mpaka kola ikalowa.

Bado umelala upande wa mto.

Akaandika kitu kwenye faili.
Sikukiona.