Kulia Kufunga

Tone lilianza Novemba, nikalipuuza.
Kufikia Krismasi lilikuwa na sauti ya mtu
anayehesabu deni langu chumba cha pili,
usiku kucha, bila kukosea.
Nikaweka bakuli. Kisha kitambaa ndani ya bakuli.
Haba na haba, walisema wahenga,
ila hawakuwahi kulipa bili ya maji Llanelli.

Mimi ni mtu wa posta. Najua milango,
najua mbwa na hasira zao, nyumba kwa nyumba.
Chini ya sinki sikuwahi kuinama
ila kutafuta sabuni.

Dukani Gethin aliuliza, "Nusu inchi au robo tatu?"
Nikaonyesha kwa vidole, kama mvuvi muongo.
Akaniuzia zote mbili, na utepe mweupe wa kuziba,
na spana ndefu, na kanuni ya bure:
kulia kufunga, kushoto kufungua.
Nikaikariri njia nzima, mvuani.

Jumamosi, saa tatu asubuhi. Nimelala chali kabatini,
tochi mdomoni, ukingo wa mbao unanikata shingo.
Valvu ilipakwa rangi na walionitangulia,
nyeupe juu ya krimu juu ya kijani cha hospitali,
usijue kama ni shaba au ni keki.
Nikaikwangua. Nikaitia mafuta. Nikaibembeleza.
Ikazunguka, ikazunguka, ikazunguka,
na maji hayakuwa na habari
kwamba kuna mtu anafunga kitu.

Basi koki kuu, chini ya ngazi, nyuma ya kapeti lililoviringishwa.
Nikakaza mkono: kimya.
Nikakaza meno: mpini ukang'oka,
ukabaki kiganjani kama jino la mtoto.
Kulia, alisema Gethin.
Nilikaribia.

Ikabaki ile ya barabarani, chini ya kifuniko cha chuma,
shimo la tope na konokono wawili.
Nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, nikageuza.
Ndani, tone likakatika.
Niliisikia nyumba ikinyamaza
na kwa dakika tano nilikuwa fundi.

Kisha mlango.
Bi Prydderch wa jirani, taulo mabegani,
povu la shampuu kichwani kama mnara.
"Emrys," akasema, "bomba letu ni moja. Umenifunga na mimi."
Nikaanza kuomba radhi. Alishapita,
povu likimchuruzika nyuma ya masikio.
Miaka ishirini na sita kiwanda cha bati;
alitazama kazi yangu jinsi daktari anavyotazama jipu.
"Spana mbili," akasema. "Moja ishike, moja izungushe.
Ukivuta tu, utang'oa ukuta."

Nati ikalia, ikalegea.
Maji yaliyojificha bombani yakanirukia usoni.
Yakimwagika hayazoleki, eti.
Aliyesema hakuwa na taulo nne
na jirani anayesimamia.

Ndani ya koki kuukuu tulikuta raba,
nyeusi, imelika upande mmoja,
ndogo kuliko kifungo cha shati.
Miezi mitatu ya usingizi wangu, hii.
Nikaitia mfukoni, sijui kwa nini.

Tukafunga mpya. Nikaenda kwenye konokono, nikafungua, nikarudi.
Tukasimama watu wazima wawili
tukitazama bomba lisilofanya chochote.
Halikudondosha. Bado halikudondosha.

"Mimi kwanza," akasema, akainamisha povu,
akafungua la bluu. Kitambo kidogo. Kisha yowe.
Nilikuwa nimepishanisha mabomba.
Nikashika spana. Akaniangalia,
nywele zikitona kwenye sakafu niliyomaliza kukausha.
"Ukigusa," akasema, "nitahama."

Mpaka leo kwangu nyekundu ni baridi, bluu huchoma.
Mgeni akienda kunawa namwambia, kwa sauti, mlangoni.
Hawaamini.
Nasubiri yowe, kisha naweka birika la chai.