Nipe Mji

Kitendawili, mwili wangu ulisema
usiku wa manane, mvua ya Valdivia ikipiga mabati,
nami nikajibu kama mtoto: Tega.
Ukatega.
Kwapani palianza, mapaja yakafuata,
mabaka mekundu yakiumuka kama unga uliotiwa hamira,
yakihama, yakiungana, yakichora ramani
ya nchi ambayo kufika alfajiri haikuwako tena.

Nilikwenda kwa Daktari Oyarzún na ngozi safi kama sahani.
“Yako wapi?” akauliza.
Nikamwonyesha simu: picha thelathini na nne,
goti, shingo, mdomo wa juu uliovimba
siku ya kumzika shangazi Hortensia,
watu wakidhani ni kilio.
Akazitazama zote, hata ile ya paka iliyojipenyeza.
Akapima damu, akapima tezi,
akanikataza kamba na nyanya,
akaniruhusu tena kamba na nyanya.
Mwisho akavua miwani.
“Sababu siijui. Huenda haipo.”
Nilimpenda kwa hilo. Kuna mwenzake mmoja kule Osorno
aliyenitoza pesa nyingi aniambie ni hasira.

Basi tukaupa mji.
Tuliupa Osorno, bila majuto.
Tukaupa Temuco, tukaupa Concepción na madaraja yake.
Mwili ukapokea, ukaenda, ukala, ukalala huko,
ukarudi bila kutoa jibu.

Ndipo kidonge.
Cheupe, kidogo kuliko punje ya dengu,
saa mbili usiku, kengele ya simu ikilia
Nibaldo akiwa bado na povu la sabuni mikononi.
Kimoja hakikutosha. Viwili vikanisinzisha
hata nikagonga muhuri wa ofisi
juu ya kitambulisho cha mteja badala ya hati yake.
Daktari akabadili aina, akapandisha kidogo kidogo.
Sasa ni vinne kwa siku, na macho yangu ni makavu.

Haviponyi. Nataka hili lieleweke,
maana mama mkwe huuliza kila Jumapili:
“Bado unameza? Utameza hadi lini?”
Vinazuia tu, kama mtu aliyeegemea mlango
na huku nje yupo mwingine, ameegemea pia.
Mwezi wa Julai nilijidanganya kuwa ameondoka.
Siku ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya.
Ya tatu, mkanda wa mkoba ukaniandika begani
mstari mnene, ulionyooka kama wa rula,
na ofisini nikajikuna kwa kona ya faili la mirathi
mbele ya warithi wote watano.

Anayesikitika ni Yasna.
Alipokuwa na miaka sita alikuwa akiniandika mgongoni
kwa ukucha, taratibu, kisha akihesabu hadi mia,
na herufi zilikuwa zikiinuka:
jina lake, jua, farasi mwenye miguu mitano.
Alijifunzia hapo kusoma, naweza kuapa.
Jana alijaribu. Ana miaka tisa sasa.
Aliandika, akasubiri, akasogeza taa,
akahesabu hadi mia mbili.
“Mama, umefutika.”
“Uliandika nini?”
Hakusema. Aliivuta sweta yangu chini
akaenda kuongeza kuni jikoni.

Kengele ikalia.
Nikameza kwa maji ya bomba, baridi ya kuuma meno,
nikijaribu kukumbuka ukucha ulipita wapi,
kama ulipinda, kama ulinyanyuka kati ya maneno.
Nao mwili, kwa sauti ndogo, kama mzaha:
Kitendawili.
Sikujibu tega. Nilikuwa nimechoka, na vyombo havijafutwa.
Nikasema: Chukua Puerto Montt.